Laana ya Nota Tatu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutafsiri opera nilivaa suti ya shemeji yangu, yenye mabega ya kutosha watu wawili na mgeni mmoja. Nikapewa ukurasa wa nota na kuambiwa niimbe huku nikipanda ngazi. Hakuna aliyenionyesha kiti wala kuniuliza habari za asubuhi. Mwanamke mrefu, miwani ikining'inia kifuani, alikuwa amesimama juu kabisa, mimi niko chini, na kati yetu palikuwa na ngazi za kumfikisha mtu mbinguni na chenji ikabaki.

"Panda," alisema. "Na usivute pumzi mpaka mstari uishe."

Nikapanda, nikaimba. Katikati pumzi ilikata, sauti ikanitoka kama ya mbuzi aliyekabwa na mahindi, nikashika ukuta.

"Umeona?" alisema, uso umemng'aa kwa furaha. "Wewe huna kosa. Mstari ndio mbaya. Niliuandika mwenyewe jana. Karibu kazini."

Huyo ndiye alikuwa Mkuu wa Tafsiri wa kampuni yetu ndogo ya opera pale Louisville, na mimi nimemwita Madam tangu siku ile mpaka leo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonishika mkono nje ya kanisa kila Jumapili mkiniuliza, "Papa Zakaria, eti ni kweli Amerika walikulipa kwa kuimba?" Ni kweli kabisa. Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati wengi wetu tuliotoka Kivu tulikuwa bado tunajifunza kuvaa makoti matatu kwa mpigo. Mchana nilipanga vifurushi ghalani. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, na nikapata cheti ambacho nimekitundika sebuleni juu ya televisheni. Mgeni hapewi chai kabla ya kukitazama.

Mwalimu wangu wa Kiingereza ndiye aliyeona tangazo. Kampuni ya opera ilitafuta mtu anayesoma Kifaransa, anayesoma nota, na mwenye sikio. Kifaransa nilikuwa nacho tangu sekondari, Uvira. Nota nilizipata kwenye kwaya. Sikio walitaka moja, mimi nikawapelekea mawili.

Sasa kazi yenyewe. Opera ni mchezo wa kuigiza ambamo kila mtu anaimba, hata anayeomba maji ya kunywa. Nyingi ziliandikwa kwa Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani. Kampuni yetu iliziimba zote kwa Kiingereza, zile maarufu na zile adimu zilizosahaulika kabatini, ili mtu aliyetoka kazini na viatu vyake vya kazi acheke pale pa kucheka na alie pale pa kulia. Makampuni mengine huimba kwa lugha ya asili na kumulika maneno juu ya jukwaa. Tuliyaita maandishi ya juu. Madam alikuwa hayapendi kama vile yalimkopa bila kumlipa. "Mtu anakufa sakafuni," alikuwa akisema, "na ukumbi mzima unasoma dari!"

Yetu iliitwa tafsiri ya kuimbika, na ugumu wake ni kwamba muziki haukungojei. Mtunzi ameshaandika nota zake na ameshakufa, huwezi kumpigia simu umwombe akuongezee mbili. Nota ikiwa ndefu na nzito, lazima ipate neno zito. Ukiweka pale kineno cha kuunganishia, mwimbaji ataonekana kama mtu anayefungua mlango wa kanisa kuu ili atoe paka. Nota ya juu inataka vokali iliyo wazi, a au o, kinywa kifunguke. Na ole wako umalizie nota ndefu kwa herufi s mbele ya kwaya ya watu arobaini: ukumbi mzima utainua miguu ukidhani nyoka wameingia.

Kipimo cha mwisho kilikuwa zile ngazi. Madam hakukubali mstari wowote ambao mtafsiri mwenyewe hajaupanda nao. Nilipanda na walevi, wafalme, wachawi, na kadinali mmoja mnene aliyenipa maumivu ya magoti kwa wiki nzima.

Baadaye nikahamishiwa Columbus, ambako kampuni ilikodi ukumbi wa mazoezi karibu na chuo kikuu. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya wanafunzi. Upande wa pili wa ukuta aliishi kijana wa Kitanzania aliyekuwa akifanya utafiti wa udongo, mpole sana, ila alikuwa na masikio. Siku moja alibisha hodi bafuni, mimi nikiwa ndani na mwanamke wa opera anayekufa kwa kifua kikuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani sana. Huyo dada anakufa lini hasa? Nina mtihani kesho."

"Ukurasa wa mwisho, mwanangu. Vumilia, zimebaki kurasa tisini."

Bosi wangu wa Columbus alikuwa Mwalimu wa Piano. Huyu ni mtu ambaye wakati wa mazoezi hupiga okestra nzima kwa vidole vyake kumi, huku akisahihisha waimbaji kwa nyusi. Yeye ndiye aliyenitoa tabia za kanisani. Mimi nilikuwa nimezoea kuwa mkalimani wa mahubiri: mhubiri akitoa sentensi moja, mimi natoa nne, zote zina moto, na waumini wananipenda kuliko mhubiri. Nikaileta tabia hiyo kwenye opera. Mwalimu wa Piano alisoma tafsiri yangu ya wimbo wa baba anayemuaga mwanawe, akavua miwani.

"Zakaria, mtunzi alimpa huyu baba nota sita."

"Ndiyo, bosi."

"Wewe umempa mahubiri. Toa nusu."

Nikatoa nusu.

"Toa nusu tena."

Nikatoa tena, yakabaki maneno matatu. Akapiga piano, nikaimba, na nakuambieni, kuta za Columbus zililia. Yule wa udongo alikuja kuuliza ni nani aliyefariki.

Ndipo ikaja Buffalo.

Madam alikuwa amepata opera ya Kifaransa ambayo haikuwa imeimbwa tangu enzi ambazo hata theluji ilikuwa bado changa. Ilikuwa habari ya mjane na binti yake. Binti anatoroka na askari wa adui, mama anasimama mbele ya kijiji kizima na kumlaani, na wanawake wa kijiji wanairudia laana ile kwa pamoja. Nota tatu: mbili fupi, ya tatu ndefu na ya juu. Katika tendo la mwisho binti anaogopa kurudi nyumbani kwa sababu ya neno lile, anafia njiani, na mama anakuja kumkuta.

Madam aliiweka partitura mezani, ndicho kitabu cha nota chenye sauti zote za opera, kizito kama tofali. "Hii ni yako," alisema. "Libreto nzima, maneno yote utatafsiri wewe. Jina lako litachapishwa."

Nilitaka kumkumbatia. Akanizuia kwa kidole.

"Sikiliza kwanza. Wakubwa wa kampuni watakuja Buffalo. Wanasema watafsiri ni gharama, wanataka tuimbe kwa lugha ya asili na maandishi ya juu. Wakiona ukumbi umekaa kama umekufa ganzi, idara yetu imefungwa. Mimi narudi kufundisha, na wewe..."

"Mimi narudi kwenye vifurushi."

"Basi tumeelewana."

Kampuni ndogo haibebi kwaya kubwa. Desturi yetu ilikuwa kuomba kwaya ya mji tunaokwenda. Mimi, nikiwa nimevimba kwa furaha, nikasema kwaya ipo! Huko Buffalo walikaa ndugu zetu, wengine mitaa ya Lower West Side, wengine East Side, na kwaya ya wanawake wa kanisa lao ilikuwa ikiimba mpaka vigae vinacheza. Kiongozi wao alikuwa Mama Sifa, binamu wa mke wangu, mwanamke anayehudumia wazee mchana kutwa kwenye nyumba ya wazee na bado jioni ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Walikubali kwa vigelegele. Wakajifunza nota haraka kuliko waimbaji wa kulipwa, na hapo sizidishi, au nazidisha kidogo tu.

Tulifanyia mazoezi yote isipokuwa ile sehemu ya laana, kwa sababu maneno yake niliyamaliza mwisho. Onyesho likiwa limebakiza siku chache, nikagawa karatasi. Mama Sifa alisoma, akaikunja ya kwake, akaiweka kwenye kiti, akasimama.

"Bon," alisema, ile "haya basi" ya Kifaransa tuliyotoka nayo Kivu. "Shemeji, njo nini hii?"

"Ni ile laana, Mama Sifa. Loretta anaanza, ninyi mnarudia."

Loretta ndiye aliyeimba nafasi ya mjane, mwanamke wa Louisville mwenye sauti ya mezzo, yaani ile sauti ya kike ya katikati, nzito na tamu kama asali ya porini. Alikuwa amekaa pembeni akinywa chai, hajui kinachosemwa.

"Donc, kumbe sisi bamama wote, na watoto tulizaa, tusimame pale tumlaani mtoto wa mwenzetu?"

"Ni mchezo, shemeji! Huyo mtoto hayupo. Amekufa kwenye karatasi miaka mia na kitu!"

"Mchezo unachezea kwa mdomo ule ule naombea watoto wangu? Hapana. Hatutaimba ile."

Wanawake wote wakaziweka karatasi kwenye viti. Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa kelele ningeimudu, lakini ule utulivu ulinitoa jasho ndani ya Buffalo, wakati nje kuna theluji mpaka madirishani.

Madam aliponiuliza kuna nini, nikamweleza. Hakukasirika. Akafikiri, kisha akasema: "Basi wanyamaze. Loretta alaani peke yake, okestra ipige zile nota tatu."

Nikamfikishia Mama Sifa. Nilidhani nimeleta suluhu. Aliniangalia kama vile nimesahau lugha ya mama yangu.

"Weye Papa Zakaria, ulikulia wapi? Mama akifungua mdomo kwa kulaani mtoto, na weye mwanamke uko pale, unakaa kimya, si umelaani pamoja naye?"

Na hapo mwili wangu wote ulikumbuka. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Neno la mama halichezewi. Mama akikasirika mpaka akafikia neno lile, mwanamke yeyote aliye karibu, hata kama ni mpita njia na kikapu kichwani, anakitua na kumziba mdomo. Asipofanya hivyo, laana ni ya wote wawili. Na kama neno limeshatoka, mama analetewa maji, anayaweka kinywani, anayatema chini, na neno linakwenda na maji. Mimi niliyajua hayo tangu utoto, nikakaa miezi nikihesabu silabi bila kuyaona.

Nikarudi kwa Madam. Nilimwambia kuimba hawawezi, na kunyamaza hawawezi.

"Wanaweza nini, basi?"

"Kumzuia."

Akavua miwani. "Zakaria. Mtunzi na mwandishi wake walisema kijiji kizima kilimlaani yule binti. Sisi ni watafsiri. Hatukuajiriwa kuwa mawakili wake."

Nakiri neno hilo lilikuwa zito, na mpaka leo naliheshimu. Mtafsiri anayebadilisha kila asichokipenda hatafsiri, anaandika ya kwake. Nikasema tu, "Madam, hebu tuwaone mara moja. Usiponikubalia, nitatafuta kwaya nyingine, hata kama ni ya wafungwa."

Mazoezi yakaanza. Hatukumwambia Loretta kitu, na mimi sikujua Mama Sifa angefanya nini. Mwalimu wa Piano, aliyekuja nasi Buffalo, akapiga. Loretta akasonga mbele, akanyoosha mkono, akaimba ile laana kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, kwa Kiingereza changu, na siwafichi, nilijipenda.

Kabla hajamaliza, Mama Sifa akatoka mstarini. Alitembea bila haraka, na viatu vyake vya kazini vya mpira, akamwekea Loretta kiganja mdomoni. Wengine wakaja nyuma yake, wakamshika mabega, mikono, kiuno. Piano ikakatika.

Loretta alisimama katikati ya wanawake wale, macho yamemtoka. Mama Sifa akaondoa mkono polepole.

"Mama," akamwambia kwa Kiingereza chake, "hapana. Huyu ni mtoto wako."

Loretta akaangua kilio. Halafu akacheka akiwa bado analia. "Nimeimba mama wabaya miaka yote hii," alisema. "Nimelaani, nimewekea watu sumu, nimechoma moto mabinti wa watu. Hakuna mtu aliyewahi kunizuia."

Nikamtazama Madam. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa na hakinywi. Mimi nikaanza kuona ghala, vifurushi, na viatu vyangu vya zamani vyenye chuma mbele.

"Nota hazitaguswa?" aliuliza.

"Hata moja."

"Nota tatu, Zakaria. Mbili fupi, moja ndefu. Nataka vokali wazi juu. Na ziwe za kijiji, zisiwe za mahubiri. Kahawa hii ikiisha nataka maneno."

Mnajua mtu anayekimbizwa na simba anavyokimbia? Ndivyo nilivyoandika. Wala sikuandika, yalikuwa yameshasemwa. "Mama, no!" Ma na ma kwa nota mbili fupi, kisha no juu kabisa, o wazi kama mlango wa hangari la ndege. Mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Madam akanipeleka kwenye ngazi za ule ukumbi, nikapanda nayo, na pumzi ikabaki ya kusalimia watu huko juu.

"Sawa," alisema. "Lakini watu wataambiwa. Sidanganyi mtunzi wala mtazamaji."

Kwa hiyo karatasi ya programu ilichapishwa hivi: tafsiri ni ya Zakaria, na maneno ya kwaya katika tendo la tatu yamebadilishwa naye pamoja na Mama Sifa na kina mama wa kwaya. Jina langu na la Mama Sifa kwenye ukurasa mmoja! Nilichukua nakala za kutosha kufunika paa la nyumba.

Siku ya onyesho watu wetu walijaa upande wa kushoto, wamevaa vitenge juu ya makoti, watoto wakitaniana kwa Kiingereza. Wenyeji wa mji walijaa kulia. Wakubwa wa kampuni walikaa katikati na suti za kijivu. Tendo la tatu likafika. Loretta akanyoosha mkono, akaanza kulaani, na wanawake arobaini wakamwangukia kwa sauti: "Mama, no!" Okestra ikavuma chini yao. Nikasikia kutoka kwa watazamaji, upande wa kulia, jamani, wa kulia! mzee mmoja Mmarekani akipaza sauti: "Wasikilize, mama!" Hakuna aliyemnyamazisha. Na tendo la mwisho, mjane alipomkuta binti yake, ukumbi ulijua kwamba aliombwa asiseme, na bado aliimaliza laana yake. Watu walilia mpaka nikahofia mto wa machozi yao ungezidi maporomoko makubwa ya maji yaliyo jirani na mji ule.

Pazia liliposhuka, Mama Sifa alikuwa nyuma ya jukwaa na kikombe cha maji na ndoo. "Chukua, tema," akamwambia Loretta. Loretta akatema. Yule mwimbaji msichana aliyekuwa binti akaja akakumbatiwa. Basi ikawa desturi: kila onyesho la opera ile, kikombe na ndoo.

Na wakubwa? Mmoja wao alinipita kwenye korido, macho mekundu. "Hilo vumbi la ukumbi wenu ni baya sana," alisema, akapenga kamasi. Idara ikaendelea. Nilifanya kazi ile mpaka magoti yangu yalipokataa ngazi, na siku nilipoagwa, Madam alinisindikiza kwa lifti. Alisema ni mara ya kwanza kunipandisha bila kuniimbisha.

Sasa nimestaafu, naishi Buffalo, naimba besi kwenye kwaya ya Mama Sifa, ambayo siku hizi inapokea wanaume, na nagombezwa nikichelewa. Mkiniuliza kazi ile ilinifunza nini, nitasema imenifunza kutoa nusu, kisha kutoa nusu tena, ingawa mnaonisoma hapa mnaona bado najifunza. Na imenifunza kuwauliza watu watakaoyatamka maneno, kabla sijayapenda mno.

Majuzi tulikuwa mazoezini kanisani simu yangu ikalia. Alikuwa Loretta, nywele zimeshakuwa nyeupe, yuko mji mwingine, kampuni nyingine. Wanaiimba opera yetu, kwa Kifaransa chake cha asili, na maandishi ya juu.

"Papa Zakaria," alisema, "napanda jukwaani sasa hivi. Huku kijiji kizima kinalaani pamoja nami. Maji ninayo. Nimetafuta mtu wa kunizuia, sijampata."

Nikaweka simu kwenye spika, nikaiinua juu, nikamwambia Mama Sifa ni nani na anataka nini. Hakuuliza swali. Akainua mkono, akatoa sauti ya kuanzia, na wanawake wote, pamoja na mabinti zao walio kwenye kwaya sasa, wakazipeleka zile nota tatu ndani ya simu mpaka nikahofia kioo kitapasuka.

Kisha upande wa pili tukamsikia akivuta pumzi ndefu, ile ya mwimbaji.

"Bon," alisema Loretta, aliyejifunza neno hilo kwetu. "Sasa naweza kwenda kulaani."